Yadira Hakuomba Msaada

Corinne, nimetoka ukumbini mara moja.

Leo tunawapigia waliokubaliwa chuoni kwetu simu za video za pongezi. Nimempata Yadira, yule msichana wa Honduras niliyemhoji alipoomba nafasi. Ukoo mzima uko nyuma yake, na baba yake, fundi viatu, analia kwa furaha.

Nikamuuliza, "Chuo kimekupa msaada wa ada kiasi gani?"

Akacheka. "Sikuomba, dada! Wanaoomba ndio wanaokataliwa. Nilijaza kwenye fomu kwamba baba atalipa yote. Nikishaingia, ndipo nitaomba."

Ndipo nitaomba! Corinne, hapa mwanafunzi wa kigeni asiyeomba mwanzoni haruhusiwi kuomba tena mpaka ahitimu.

Nimekimbia kwa Bi. Lindqvist wa udahili, nikamsihi amruhusu aombe sasa. "Mwanangu, ningeweza ningeshafanya," akasema, kisha akageukia dirisha.

Na mimi ndiye ninayewaapia wageni wanaotembelea chuo kwamba hapa hakuna msichana anayekosa nafasi kwa sababu ya umaskini.

Sasa nimerudi kwenye kompyuta; hawajakata simu. Baba yake ananiambia, "Binti, usiondoke! Mama yake anabadilisha gauni, anakuja kukushukuru."

Nimwambie nini, Corinne? Huyu hapa, amefika.