Kijiko cha Mawese

Talatala, Kyela
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Ambwene,

Ndaga. Natumaini wewe na wifi yangu Lucy mmeamka salama huko Dodoma. Sisi tu wazima. Mpunga umevunwa, kakao iko juani, na mama anafunga mizigo yake kuja kwako.

Sababu unaijua. Miaka ishirini nimesimama mikutanoni na kuandika magazetini kwamba mama zetu huwashibisha wana wa kiume na kuwanyima mabinti. Ushahidi wangu ulikuwa mimi mwenyewe: tulilelewa jiko moja, wewe ukikimbia jioni kufunga ng'ombe, mimi nikishikwa mkono kwa kuwa jua likizama sioni. Mwezi uliopita nilimtaja mama kwa jina, naye ameketi mbele. Tangu siku hiyo hajala chakula cha mkono wangu.

Basi macho yakazidi kufifia, nikaenda kwa daktari Mbeya. Alinieleza kwamba vitamini ya macho iliyomo kwenye mawese haijipenyezi yenyewe. Husafiri na mafuta, na kwenye ukuta wa utumbo kuna protini za kuipokea na kuivusha. Wengine huzaliwa nazo dhaifu. Nilimbishia kwamba hizo ni hoja za kuwatetea akina mama wabaguzi. Akacheka, akasema utumbo haujui nani binti. Watoto wawili waweza kula sahani moja, mmoja akafaidi, mwenzake akaambulia kushiba tu.

Mabinti bado wananyimwa, hapo sirudi nyuma. Lakini mimi sikunyimwa, na nilijua. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, ni mimi niliyekuletea chakula shambani. Msimu mzima wa palizi nilimimina kijiko chako cha mawese kwenye wali wangu nyuma ya jiko. Nilikula ya wawili, na jioni bado nilijikwaa.

Jana nilimwambia mama. Akasema aliniona tangu siku ya kwanza, akanyamaza, akawa anakuongezea wewe mawese ya kwake usiku. Hata hapo niliona wivu, kwamba alikuongezea wewe. Utumbo wako nao nauonea wivu, na usicheke.

Amesema atakaa kwako mpaka niyaseme haya mbele ya watu wale wale. Mkutano ni Jumanne ya wiki ijayo. Nisalimie Lucy na watoto, na mama usimnunulie godoro jipya.

Dada yako,
Prisca