Antena Nne Zinazotazama Mjini

Jumamosi, Somanda. Jua limewaka tangu asubuhi na upepo umejaa vumbi la malori ya pamba. Nimefunga dirisha, nimevua viatu, uso sijanawa. Nina hasira. Naandika hivyo mwanzoni kabisa nisije nikajifanya mstaarabu huko mbele.

Leo tumerusha matangazo ya majaribio. Redio yetu, mimi na Shija.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: Shija ni mwenzangu tangu chuo cha ufundi. Tulikaa dawati moja, tukarudi wote Bariadi, tukafungua kibanda cha kutengeneza redio na simu hapa Somanda mjini, na humo kibandani ndimo lilimozaliwa wazo la kuanzisha redio ya jamii. Yeye ndiye mkurugenzi, maana anajua kuongea na watu wa ofisini. Mimi ni fundi mitambo, maana sijui.

Asubuhi nilirusha muziki kutoka studio, nikatoka nje kusikiliza. Kwenye redio ya jirani wimbo ulikuwa unatoka safi kabisa. Vijana wa bodaboda wakaanza kutafuta masafa yetu kwenye spika zao, na mmoja alipoyapata akapiga honi mfululizo. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Halafu mama akapiga simu kutoka kijijini Kasoli.

Alikuwa uani na kina mama wenzake wa kikundi cha kulima, redio wameiweka katikati yao juu ya kigoda. "Ng'wanone," akaniambia, yaani mwanangu, "huku inakoroma tu. Mmeshaanza kweli?" Nikamwambia tumeanza, avute antena, asogee mbali na ukuta. Akasogea. Kwenye simu niliusikia ule mkoromo, na nyuma yake wanawake wakibishana kuhusu namba ya kuweka. Nikamwambia wavumilie, kuna kitu hakijakaa sawa, napanda mlimani sasa hivi.

Mlima wetu uko kati ya mji na Kasoli. Ni mawe makubwa yaliyorundikana, na gari haliwezi kufika juu. Mchanga, kokoto na maji ya kujengea msingi wa mnara vilipandishwa vichwani na watu wa Kasoli. Walikuja kwa trekta, wakapokezana kwa zamu, wakiimba kama wanavyoimba wakienda kulimiana mashamba. Hawakulipwa. Niliwaomba mimi.

Nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikawaambia, kwa Kisukuma, kwamba mnara ukisimama, mtu akipotelewa na ng'ombe atatangaza asubuhi na hadi jioni vijiji vyote vitakuwa vimejua. Mtu akifiwa hatakodi pikipiki na kipaza sauti kuzunguka nayo. Wakati wa kupuliza dawa ya pamba ukifika, mtaambiwa. Walipiga vigelegele. Mwenyekiti akauliza, ni nani anayetuahidi haya? Nikasema ni mimi, binti wa Maduhu. Shija alikuwa amekaa kando yangu, akapiga makofi.

Basi nilipanda mlima nikiwa na uhakika kwamba nafuata hitilafu. Kwenye kibanda kilicho chini ya mnara nikakuta mtambo unafanya kazi kama ulivyotoka kiwandani. Nguvu inayotoka ni sawa. Nguvu inayorudi ni kidogo mno, ndivyo inavyotakiwa. Kebo haina mkunjo, viungio vyote vimekaza. Nikatoka nje, nikainua macho.

Antena zote nne zimefungwa upande mmoja wa mnara, zinatazama mjini. Nyuma ya kila moja kuna vyuma vya kuzuia mawimbi yasiende upande wa pili. Upande wa Kasoli mnara ni mtupu.

Hiyo haikuwa hitilafu. Hakuna fundi anayefunga vyuma vya nyuma kwa bahati mbaya.

Nieleze kidogo, maana watu hudhani kuomba masafa ni kuandika barua ya kusema tunataka namba fulani. Mamlaka ya mawasiliano inataka kujua mnara utasimama wapi hasa, kwa nyuzi, dakika na sekunde. Ukikosea tarakimu moja mnara wako unahamia wilaya nyingine. Inataka mwinuko wa ardhi kutoka usawa wa bahari, na urefu wa mnara peke yake, visichanganywe. Inataka nguvu ya mtambo kwa wati, nguvu inayopotea ndani ya kebo, aina ya antena na upande zinakotazama. Mwisho wa yote inataka ramani ya usikivu, yaani nani atakusikia na nani hatakusikia.

Kazi hiyo tuliifanya pamoja. Shija alishika kipimo cha GPS juu ya mlima, mimi nikawa naandika. Alijumlisha mlima na mnara, tukapata mnara mrefu kuliko jengo lolote la nchi hii, tukacheka mpaka tukakaa chini. Penye mwelekeo wa antena niliandika mwenyewe kwamba zitarusha pande zote. Kwenye ramani nikachora duara, na Kasoli ikaingia. Kwa mama ni bondeni, kwa hiyo iliingia kwa shida, pembeni kabisa, lakini ilikuwa ndani. Nilirudia hesabu za lile bonde mpaka nikaliota. Redio ya jamii hupewa nguvu ndogo, hatukuwa na wati za kuchezea.

Maombi yalitumwa kwa akaunti ya mkurugenzi. Sikuona sababu ya kuomba niyasome tena kabla hayajatumwa. Mtu mliyekaa naye dawati moja unamkagua? Na antena zilipokuwa zinafungwa nilikuwa Mwanza nimefuata mtambo. Nisijali, aliniambia, atasimamia yeye.

Akasimamia kweli.

Nilimpigia simu nikiwa hukohuko juu. Hakukana, na hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa uongo.

"Minza, sikia," akasema, kwa sauti ileile anayotumia ofisini kwa watu. "Nguvu yenyewe ndogo. Tukiigawa pande zote mjini tutasikika kinyonge, sasa mfanyabiashara gani atatuletea tangazo? Nilibadilisha kabla ya kutuma. Nilikuwa nataka kukuambia."

Nikamuuliza alitaka kuniambia lini. Akasema tukishazindua, mambo yakishatulia. Nikamuuliza, na Kasoli?

"Kasoli wana nini cha kutangaza, dada? Ng'ombe?"

Ndiyo, Shija. Ng'ombe.

Nikakata simu. Nikakaa juu ya jiwe, na hapo ndipo nilipopanga mambo kichwani yakanipasua. Alibadilisha kabla ya kutuma. Kibali kilikuja baadaye. Mkutano wa kijiji ulikuwa baadaye. Mchanga ulipandishwa baadaye. Kwa hiyo siku ile wanawake wanapanda na ndoo vichwani, yeye akiwa amesimama juu anazipokea moja moja na kuwashukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja sana, alikuwa anajua kwamba hawatasikia kitu. Alipokea ndoo ya mama yangu kwa mikono miwili. Alikula kwake michembe ya viazi na karanga, akaomba aongezewe.

Nimesalitiwa. Nilitafuta neno la upole zaidi njia nzima ya kushuka, sikulipata.

Na sina pa kushtaki. Maombi yanasema antena zinatazama mjini, na antena zinatazama mjini. Mkaguzi akija atapima nyuzi, atalinganisha, atakuta kila kitu kimenyooka na atatupa mkono wa pongezi. Mkaguzi hapimi yaliyosemwa kwenye mkutano wa kijiji.

Nilifikiria spana. Nakiri. Nilifikiria kupanda na spana nikazigeuze mwenyewe, mbili huku na mbili kule kama nilivyochora. Lakini nikizigusa bila idhini mvunja sheria nitakuwa mimi, na kibali chote kitakuwa hatarini. Kubadilisha kunahitaji maombi mapya na hesabu mpya. Pengine wakati huo masafa ya jirani na yetu yatakuwa yameshapewa mtu mwingine upande ule, kwa kuwa kwenye ramani sisi hatupo huko. Jumatatu nitaandika maombi hayo hata hivyo, na sahihi ya mkurugenzi nitaifuata mpaka sebuleni kwake.

Jambo jingine silipendi, lakini hapa nimezoea kusema kweli. Hesabu ya Shija si ya kijinga. Bila matangazo ya mjini pengine tungezima mtambo kabla ya msimu ujao wa kupanda. Angeniambia, tungegombana siku mbili tatu, kisha tungetafuta mlima mwingine, au tungekwenda Kasoli kuwaambia watu kwamba tumeshindwa na kila mtu abaki na nguvu zake. Nguvu zao ndizo zilizoshika ule mnara. Aliziomba kwa mdomo wangu kwa sababu alijua mdomo wangu utaaminiwa kule, wake hautaaminiwa.

Tangu nirudi amenipigia mara nyingi. Sijapokea.

Kabla ya kukaa kuandika nilimpigia mama. Niliogopa asije akaendelea kumaliza betri. Nilikuwa nimepanga kumwambia kuna hitilafu, nimpe usiku mmoja wa amani. Nikashindwa. Nikamweleza jinsi antena zinavyotazama, taratibu, kwa Kisukuma, na akaelewa haraka kuliko nilivyotaka.

"Basi mwambie Shija," akasema. "Yule mtoto mzuri, hajui tu kama huku hatusikii. Akijua atazigeuza."

"Anajua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hamjabeba mchanga."

Nilisikia mtu huko uani akimuuliza nimesema nini. Kisha mama akauliza, bila kupandisha sauti: "Na wewe, ulikuwa unajua?"

Nikasema sikujua. Mama yangu, aliyenizaa, alinyamaza kwanza. Halafu ndipo akasema haya, mwanangu, lala.

Kesho naenda Kasoli, watu wakitoka kanisani, kusimama palepale niliposimama siku ya mkutano na kuwaambia neno hilohilo. Sikujua. Nimelijaribu hapa chumbani kwa sauti, mara ya kwanza, mara ya pili. Hata masikioni mwangu linafanana na uongo.