Sigara Niliyompa Badr

Sib, Maskati
8 Februari 2025

Dada yangu mpendwa Muhsina,

Assalamu alaikum. U hali gani, na goti limeacha kukusumbua? Huku sote wazima, alhamdulillah. Mama kifua kimetulia, lakini hayupo kwangu tena. Yupo Bawshar kwa Badr.

Nnakuandikia ulisikie kwangu kabla ya kwa mwengine.

Oktoba mimi na mdogo wetu tulijiandikisha kwenye utafiti wa kuwasaidia watu kuacha sigara, za kawaida na za umeme. Tulikwenda kwa gari moja. Kompyuta ikatugawa: Badr akapata vidonge na muuguzi wa kumpigia simu kila wiki. Mimi nikapata kijitabu na ujumbe wa simu. Watafiti walisema ndivyo wanavyopima lipi linafaa zaidi.

Wiki ya tano Badr akaacha. Mimi nikashindwa. Daktari akasema moshi wangu unamuumiza mama, Badr akaja kumchukua. Siku hizi mama humnusa shati lisilo moshi, humwombea dua mbele ya wageni. Mimi niliyekaa naye miaka kumi na mbili hanitaji. Dada, nilimwonea wivu.

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, tulikaa barazani kwake. Alikuwa na mawazo ya kazi. Nikawasha sigara, nikampa. Nilijua nnachofanya. Akaniangalia, akaivuta mpaka mwisho.

Jioni ile ile alipuliza kipimo cha pumzi kliniki, kile kinachoonyesha moshi, kikamsema kuwa kavuta. Muuguzi alimuuliza kapata wapi sigara. Akajibu alinunua mwenyewe.

Niliposikia hayo nilikwenda kwake, nikamweleza mama yote, Badr amekaa pale pale. Badr ndiye aliyesema, "Kaka, nimeshazungumza na muuguzi. Kasema utafiti ukisha na wewe utapewa vidonge. Mimi nimeanza upya jana. Nitakungoja."

Kanisamehe kabla sijaomba, Dada. Na hilo nalo nnamwonea wivu, kwa sababu ningekuwa mimi nisingeliweza.

Nisalimie shemeji Shihab na mwanao Aseel, na mwambie amwombee mjomba wake.

Mola akuhifadhini nyote.

Mdogo wako akupendaye na anayeona haya,
Amur