Gunia Lililovaa Shati Lako

Baba Zuhura, mume wangu,

Ninakuandikia nikiwa nimeketi karibu na banda, na farasi wetu Asali yuko mbele yangu anatafuna majani kana kwamba asubuhi ya leo hapakutokea kitu. Barua hii sijui itakufikia kwa njia gani. Tangu ulipovuka mpaka pale Oraba kwenda Kaya, sijaona aliyerudi na jibu lako. Lakini ninyamaze mpaka lini? Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema mdomo wangu haujui kufungwa, kwa hiyo nivumilie mara hii pia.

Unakumbuka tulivyopimana kwenye mizani ya yule muuza simsim kule Arua? Ndoa yetu ilikuwa na miezi mitatu. Ulipanda na mabuti yako ya mpira, ukaonekana una kilo sabini na nne, ukatamba soko zima kwamba mke wako anajua kupika. Nikakuvua mabuti kwa nguvu mbele ya watu, ukarudi sabini na mbili. Ulicheka mpaka ukaegemea ukuta, na muuza simsim akatufukuza.

Asali alikuwa hajatimiza miaka mitatu ulipoanza kumfundisha kupandwa. Mama yake alikuwa amechoka kubeba mabwana harusi wa Koboko na Arua, ukataka mwana ashike nafasi. Mimi nilidhani kumfundisha farasi ni kumrukia mgongoni na kumwachia Mungu. Ulinicheka. Siku za kwanza ulimzungusha kwa kamba tu. Kisha ukawa unampitishia kanga yangu mgongoni, huku na huku, mpaka akaacha kushtuka. Halafu ukaleta gunia. Ulitia mchanga kidogo, ukalivika shati lako la jasho, lile ulilonikataza kulifua, ukamfungia mgongoni na kulisalimia kama mtu mzima: "Salaam aleku, bwana Gunia. Shikilia mzuri." Kila wiki uliongeza mchanga. Ulitaka azoee harufu yako, kisha uzito wako, ndipo upande mwenyewe.

"Farasi naweza kudanganya na masikio," uliniambia kwa hicho Kiswahili chenu cha Koboko. "Naweza kudanganya na mguu. Lakini mgongo yake hapana danganya. Kama mutu iko juu, mgongo nasema."

Nikajifunza kuusoma huo mgongo. Akibebeshwa, Asali alishusha pumzi ndefu, akatanua miguu ya nyuma, na uti wake ukabonyea kidogo. Nilikuwa naweza kukuambia toka jikoni kama gunia limeshapanda au bado.

Zilibaki siku chache upande wewe. Ukasema unakwenda Kaya mara moja tu, kuna mtu anauza tandiko la ngozi, siku mbili umerudi. Nikakujibu ununue na viatu, maana hayo mabuti yanatuaibisha. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwako, Swaleh, na ninayachukia mpaka leo.

Lori mlilopanda lilikutwa porini, milango wazi, ndani hakuna mtu. Dereva aliyekuwa nyuma yenu ndiye aliyeleta habari. Hakuona damu, hakuona maiti, na mimi nikaling'ang'ania hilo ambalo hakuliona. Mwaka ukapita, na wa pili. Ndugu zako walikusanyika wakakusomea dua. Shekhe akaniambia kwa upole kwamba sasa imebaki mimi nikae eda. Nikakataa katakata. Nilimwambia sitamkalia eda mtu ambaye huenda yuko njiani anakuja. Nyumba nzima ilikuwa imeshakuzika, ikabaki kauli yangu peke yake.

Ramadhani, mdogo wako, alimtaka Asali. "Shemeji, asiyekuwepo na lake halipo," akaniambia. "Farasi ya miaka tano bila kupandwa, hiyo iko nyama tu. Wacha mimi napanda." Akapanda mara mbili, akatupwa mara mbili, na ya pili aliangukia kwenye kinyesi majirani wanatazama. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Nikamwambia wa kwanza kumpanda huyu ni Swaleh, hakuna mwingine. Nikaendelea na gunia. Kila asubuhi Zuhura akishakwenda shule, Ramadhani alinisaidia kulipandisha huku ananung'unika: kilo sabini na mbili za mchanga, na shati lako juu yake. Nilikuwa nakutunzia nafasi yako.

Kisha, mwezi uliopita, saa nne ya asubuhi, jua limewaka, nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Gunia lilikuwa limelala bandani, vifungo vyote vya shati vimefungwa. Asali alikuwa katikati ya uwanja, mgongo mtupu, hana hata kamba. Miguu ya nyuma ilikuwa imetanuka. Uti ulikuwa umebonyea. Akashusha ile pumzi ndefu, akaanza kutembea.

Alizunguka uwanja mara tatu, polepole, kwa uangalifu, asije akamwangusha mtu. Alipofika kwenye ua wa upande wa barabara ya Oraba alisimama, akageuza sikio moja nyuma akisikiliza, halafu akageuka kuelekea kushoto. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Nilikwenda kuzitazama nyayo zake kwenye udongo, nikaingiza kidole. Zilikuwa na kina kile kile cha siku za gunia. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na siku ya tatu akatokwa na jasho mahali pa tandiko tu, kwingine kote mkavu.

Nikamwita Ramadhani, nikamwambia haya, panda basi kama unataka. Asali alisimama kimya kabisa. Ramadhani akaweka kiganja mgongoni ili ajirushe, akakiondoa haraka.

"Shemeji, hapa iko moto."

"Ni jua hilo."

"Hapana jua. Iko moto sawa kiti, kama mutu nametoka saa hii." Kisha akainua macho taratibu, mpaka pale ambapo uso wa mpandaji ungekuwa, akabaki anapatazama. "Hapana," akasema. "Bado iko."

Aliondoka kinyumenyume mpaka kwenye lango, na tangu siku hiyo hajamwomba tena farasi huyo.

Mimi niliogopa, sikufichi. Nikamwaga maji ya chai. Lakini unisamehe, nilifurahi pia. Nikawa naoga mapema, najipaka mafuta mazuri, saa nne nasimama pale uani kumngoja mume wangu. Nilikupa habari zote: Zuhura ameng'oka meno mawili, paa la jiko limevuja, jirani amegombana na mkewe tena. Sikio la Asali lilikuwa likigeuka nyuma, na mimi nikaridhika nalo kama jibu. Sikujiuliza kwa nini unakuja hivyo, wala mtu aliye hai anawezaje kuja hivyo. Nilijua, ila sikutaka kujua.

Asali akaanza kukonda. Chakula akakiacha. Juma lililopita nikaona mgongo umechubuka, kidonda kibichi kinachotoa maji, kile kinachompata farasi asiyepumzishwa. Mama yako alikuwa ameketi mlangoni akatuona, mimi napaka dawa na Asali anatetemeka. Akaniita.

"Binti yangu, mtoto yangu nataka kushuka."

"Ashuke, Mama. Nani amemkataza?"

"Wewe. Mutu nashuka namna gani kama hakuna mutu ya kushika farasi? Wewe kila siku nasimama mbali, naongea, naongea. Hapana shika kamba. Wewe iko nafanya yeye anakaa juu."

Nililia siku nzima hiyo, Swaleh. Nilimkasirikia mama yako kwa kuwa alisema kweli.

Leo saa nne nilimwendea Asali akiwa amesimama katika uzito wako. Nikamfunga kamba, nikasimama kushoto kwake, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine shavuni mwake. Nikasema, "Nimemshika. Shuka, mume wangu." Lori lilipita barabarani, likaenda. Kisha Asali akaegemea upande wangu, ule wa kushukia, kamba ikanivuta kidogo, na mgongo ukainuka. Akajitikisa mwili mzima, masikio hadi mkia, vumbi likapaa. Sikutazama chini. Niliogopa kuona alama za mabuti, na niliogopa zaidi kutoziona. Nilibaki nimefumba macho mpaka Asali alipoinamisha kichwa akaanza kula majani.

Kidonda kikipona nitampanda mimi mwenyewe, nimeshamwambia Ramadhani. Kabla ya hapo nina miezi minne na siku kumi za kukaa ndani. Nimemwambia mama yako amwite shekhe. Alinishika kichwa akakiweka kifuani pake, na nguo nyeupe ameshanitolea, zimekunjwa kitandani.

Walikuwa wakisubiri kauli yangu, basi naitoa, na wewe ndiye wa kwanza kuisikia. Umekufa, Swaleh. Nenda, baba wa mwanangu, mimi nimekuachia.

Ni mimi mjane wako,
Mama Zuhura