Kichanga cha Shimo la Pili

Jumanne, 8 Julai

Miteja, shimo la pili la kuchimbua mabaki ya kale. Vigae, mkaa, vigae tena. Mgongo unaniuma. Mchana wali na kisamvu cha Bi Somoe, mwenye shamba tunalochimba, ndiye anayetupikia. Nimeongeza mara mbili. Sina aibu.

Jumatano, 9 Julai

Mifupa! Midogo mno. Kichanga. Nikapiga kelele za furaha kama mwehu. Bi Somoe akaja kuchungulia, upawa mkononi. Akakaa chini palepale.

Mtoto wake wa kwanza alizikwa upande huu wa shamba, mimi sijazaliwa bado. Yeye alikuwa mzazi, yuko ndani, na huku wanawake hawaendi kuzika. Jiwe hawakuweka. Waliozika wote wametangulia. Hajui ni wapi.

Nimesimamisha kazi. Sikula.

Alhamisi, 10 Julai

Naogopa. Kama ni wake, nimemfukua mtoto wa mwanamke anayenilisha. Nimemwamkia shikamoo, kaitikia marahaba bila kuniangalia. Kisha kaniletea brashi yangu mwenyewe.

"Endelea, mwanangu. Nataka kujua."

Nimefagia mchanga taratibu mpaka jua limezama. Kisamvu nimekirudisha.

Ijumaa, 11 Julai

Si wake! Alhamdulillahi, si wake!

Magoti yamekunjwa hadi kifuani, uso kusini. Sisi tunamlaza maiti ubavu wa kulia, uso kibla, na kibla hapa ni kaskazini. Halafu kiunoni, shanga ndogo za magamba ya kome. Mtoto wa Kiislamu huenda na sanda tu. Huyu ni wa zamani sana, nadhani kabla dini haijafika hapa.

Bi Somoe aliziangalia zile shanga. Akacheka, akalia, akanitukana Kimatumbi kwa kumpandisha presha. Haki yake. Nimelia na mimi, basi tu.

Jumamosi, 12 Julai

Tumeshapima na kupiga picha. Nimemwomba kiongozi wetu tumfukie palepale na shanga zake, na upande uliobaki tusiuguse. Kakubali bila ubishi, ajabu.

Bi Somoe hakuondoka. Alichota udongo kwa mikono, akammwagia. Mwanamke, anazika. Wanaume wakampisha.

"Mama yake huyu labda naye walimwacha ndani," akasema. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaenda kupakua.

Kisamvu tena. Nimeongeza mara mbili.