Namba Arobaini na Moja

Jumatatu, 13 Oktoba
Picha zote za mnada zimetundikwa. Monet moja, Pissarro mbili – na watu wamejazana hapo hapo. Mimi nimekwama kwenye namba 41. Mchoraji Corvec, hata hapa Paris wachache wanamjua. Shuka zimeanikwa bustanini, nyuma yake kajificha mtoto. Unaona miguu tu. Na ule weupe! Ukisogea, si weupe kabisa: ni buluu, waridi, manjano ya siagi. Kahawa imenipoa mkononi. Gaspard, mwenzangu wa simu ya pili, kanipitia: Solenne, olewa nayo basi!

Jumanne, 14 Oktoba
Nimepangiwa mteja atakayeishindania namba 41 kwa simu! Bibi Hortense Lamarque, miaka 86, yuko Normandia. Ile miguu ni ya mama yake. Picha iliuzwa Bibi akiwa na miaka tisa, hajaiona tena. Kauza shamba la matofaa ili ainunue. "Wanangu wanasema nimerukwa na akili. Hebu niambie, binti, vidole bado vina matope?"
Nikakimbia na simu sikioni. Vina!

Alhamisi, 16 Oktoba
Saa nane mchana, ukumbi umefurika. Monet ilipopanda bei hakuna aliyekohoa. Nyundo ikagonga, makofi. Halafu yetu. Namnong'oneza Bibi bei simuni, yeye ananijibu "ongeza" kama anaagiza mkate. Mwanamume wa safu ya tatu hakubali. Ongeza. Ongeza! Yule akatikisa kichwa. Nyundo. Ni yako, Bibi! Akalia, nami nikalia, Gaspard kanipa leso bila utani.
Ndipo mwanamke mmoja akasimama nyuma. Katumwa na makumbusho ya umma ya huko kwao Bibi – wanaichukua wao. Sheria inawaruhusu: bei ile ile, na siku kumi na tano za kuthibitisha. Wasipothibitisha, inarudi kwa mnunuzi.
Bibi akauliza: "Kuna nini huko?"
Nikamwambia.
"Wezi wenye mihuri!" Akakata simu.

Ijumaa, 17 Oktoba
Hapokei.

Jumatano, 29 Oktoba
Kapiga mwenyewe! Jana alipanda basi na mkongojo wake, akaenda makumbusho kuwagombeza. Yule mwanamke akamkaribisha chai, akamwonyesha ukuta waliouandaa, pembeni ya dirisha. Hakujua miguu ile ni ya nani. "Nikamwambia ni ya mama yangu, Clémence. Akaandika. Akaniuliza na herufi zake, asije akakosea."
Mwisho wa kuthibitisha ni keshokutwa. Nikamuuliza anaomba lipi.
"Asubuhi naomba wakatae. Nikishakula mchana naomba wakubali. Kwangu itatazamwa na mtu mmoja tu, binti, naye haoni vizuri."
Nikaivuta kalenda, nikaizungushia duara tarehe 31.
Kisha kwa sauti ndogo: pale mbele ya ukuta hakuona kiti. Je, wanaweza kuweka kimoja? Chenye mgongo. Si lazima kiwe kizuri.
Nikasema nitawauliza.
Nimewapigia sasa hivi. Nimeeleza mara mbili, kwamba sitaki kujua watathibitisha au la, naulizia kiti tu. Wamecheka kidogo, si kwa ubaya. Subiri, dada, tumwite anayehusika – na mimi nasubiri, simu begani, naandika haya huku wakimtafuta.