Besi Yako Ndani ya "Mteremko wa Kitonga"

Jumamosi, 14 Juni. Iringa. Asubuhi baridi kali, upepo wa kukausha midomo. Jua limetoka saa moja kasorobo lakini halina joto.

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila siwezi kukuandikia bila kukusalimia kwanza. Mkono unakataa.

Ni miezi kumi na minne sasa. Mama hajambo. Kule nyumbani Mbeya, Soweto, amehamia chumba cha mbele, anasema cha nyuma kina baridi, lakini mimi najua ni kwa sababu cha nyuma kilikuwa chenu. Mparachichi wako umezaa, matunda madogo, matamu. Na bendi yetu, ile uliyokuwa unaiita "kiwanda cha mabati," imetoa wimbo ambao sasa unapigwa kwenye redio mpaka kwa vinyozi wa Makambako. Unaitwa "Mteremko wa Kitonga." Ni habari za dereva wa lori anayeshuka Kitonga na mzigo wa mbao, na breki zimeanza kunuka.

Huo wimbo ndio ulionifanya nishike kalamu. Jumatatu tunaingia studio kuurekodi upya kwa ajili ya albamu, na Elia, mpiga gitaa wetu, anataka ile sehemu ya kimya izibwe. Nikueleze. Wimbo unaanza na besi yangu peke yake, nzito, sauti nane. Halafu inakata. Hakuna kitu. Halafu inaendelea, na magitaa yanaingia. Kumbini watu hupiga kelele pale penye kimya: "Breki!" Lakini fundi wa studio amesema panasikika kama mtu amesinzia. Elia akaniambia, "Atu, tuzibe kwa ngoma, tusionekane washamba." Nikaomba siku mbili za kufikiri. Jibu analitaka kabla ya kesho.

Watangazaji wanapouliza muziki wetu umetoka wapi, Elia hujibu kwamba umetoka Zambia. Ni kweli, kwa nusu yake. Mjomba wake alifanya kazi relini, akawa anarudi na kanda za bendi za huko za zamani, magitaa yanayokwaruza kama msumeno, na Elia alizisikiliza mpaka utepe ukalegea. Tumaini, mpiga ngoma, husema mikono yake ni ya Tukuyu, aliirithi kwenye ngoma za kwao. Zamu yangu ikifika, nanyamaza. Sijawahi kusema kwamba besi ile ni yako.

Unakumbuka Alhamisi jioni? Ulikuwa unakaa kwenye kigoda pale uani, tarumbeta kubwa la besi limekulalia mapajani kama mtoto mnene, unafanya mazoezi ya kanisani peke yako. Wenzako wenye sauti za juu walikuwa makwao. Mimi naosha vyombo, nasikia yako tu. Sikujua kwamba juu yake kuna wimbo. Nilidhani huo ndio wimbo wenyewe: sauti nane, kimya, tena. Nilikuwa na miaka saba. Siku nilipousikia mzima, matarumbeta yote pamoja, wakati jeneza la jirani yetu linashushwa, nilishangaa sana. Na kile kimya sikukisikia. Nikadhani wenzako wamekijaza.

Kuhusu gitaa langu la besi ulisema mara moja tu: "Gitaa halichoki, Atu, ndiyo maana halina adabu." Ukacheka mwenyewe. Mimi nilinuna siku tatu. Zimeandikwa kwenye daftari langu la kila siku, zote tatu. Wimbo ulipokuwa tayari, wewe ulikuwa umeshaondoka, na sikuwahi kukuuliza kama naruhusiwa.

Ulipozikwa wewe, kikundi kilipiga bila besi. Mpiga besi ulikuwa wewe. Kila mtu alisikia pengo lile, Baba. Kila mtu.

Kwa hiyo leo, kabla ya onyesho letu la mchana, nilikwenda Kihesa kwa Mzee Mgaya, uliyejifunza naye tarumbeta ujanani. Nilitaka kuziona noti zenyewe. Nilijiambia: kama kimya kimo kwenye noti, ninakitetea, kama hakimo, Elia ameshinda.

Alinipokea mlangoni. "Kamwene, mwana wa Yohana! Wewe ndiye unayetupigia makelele redioni?"

Nikasema ndiyo, mzee, ni mimi.

"Basi hukuokotwa. Baba yako naye alikuwa na makelele, ila ya kwake yalivaa kanzu ya kanisa."

Alivuta sanduku la bati kutoka uvunguni, akatoa daftari la noti, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Nikafuata mstari wa besi kwa kidole. Nikahesabu mara tatu, unanijua. Hakuna kimya. Baada ya sauti ya nane inafuata ya tisa, moja kwa moja. Nilihisi aibu. Nimeibeba kasoro miaka yote na kuiita wimbo.

Nikamwimbia jinsi ninavyopiga. Alisikiliza, halafu akacheka mpaka akakohoa.

"Hapo? Hapo Yohana alikuwa anavuta pumzi! Kifua chake kilikuwa kama mpira wenye pancha. Mwalimu alimgombeza pale pale kila wiki, wapi! Mwishowe sisi tukawa tunapuliza kwa nguvu tukifika hapo, watu wasimsikie."

Nilikaa kitandani kwake bila kuomba ruhusa.

Baba, besi yangu ina nyuzi nne na inaweza kupiga mpaka umeme ukatike. Vidole havina mapafu. Lakini tangu nikiwa na miaka saba nasimama pale unaposimama wewe, kwa urefu ule ule, na sikujua ni kwa nini. Wenzako walikuficha. Mimi nimekuweka mbele ya umati, peke yako, na wanakushangilia.

Nilimuuliza mzee kama nimekosea, kuchukua kitu cha makaburini na kukipeleka kwenye ukumbi wa dansi. "Angekukemea Jumapili," akasema. "Jumatatu angekuomba kanda." Zaidi ya hapo hakunipa, na nimekubali kwamba zaidi ya hapo sitapata.

Elia nilimkuta nyuma ya jukwaa anakaza nyuzi. Nikamwambia kimya hakizibwi. Nikamweleza yote, uani, sanduku, kifua chako. Akaendelea kukaza nyuzi.

"Sasa Atu, redioni nitasemaje? Kwamba muziki wetu umetokana na Zambia, Tukuyu na kifua kibovu?"

Nilicheka huku nalia, mpaka Tumaini akaja kuuliza nani kafa. Kisha Elia akasema, taratibu, "Kimya kibaki. Kibaki kama kilivyo."

Tulipopanda jukwaani nilianza peke yangu kama kawaida. Sauti nane. Siku zote pale huwa nahesabu moyoni ili niingie sawasawa. Leo sikuhesabu. Nilivuta pumzi, ndefu, ya baridi hii ya Iringa, na nilipoimaliza vidole vilikuwa vimeshaingia vyenyewe.

Jumanne nitakuwa Mbeya. Nitamweleza Mama mwenyewe kabla hajaambiwa na watu. Na nakuahidi hili: atakayeniuliza tena besi ile nimeitoa wapi, sitanyamaza. Nitataja jina lako, na kigoda, na Alhamisi.

Kwaheri, Baba. Sikukusindikiza vizuri siku ile. Nimejaribu leo.

Binti yako,
Atu

Nyongeza, Jumapili asubuhi: usingizi ulinichukua jana saa tano na dakika ishirini usiku. Mengine bado nahesabu, unanijua.